Kifuniko Chekundu, Kifuniko cha Buluu

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Kazi imepatikana! Yaani, haijapatikana, lakini imeonekana. Maman Émilienne, mwenye studio hapa mtaani Lumumba, anatafuta fundi mmoja wa sauti. Kwa mshahara wa kila mwezi. Mshahara! Tangu nipate diploma yangu neno hilo nalisikia kwa majirani tu.

Masharti: tuko wawili, mimi na Guelord. Kila mmoja kapewa wimbo mmoja wa korali ya kanisa. Tuusafishe, tupange sauti, turudishe Jumamosi ndani ya flashi. Jumapili nyimbo zote mbili zitapigwa kanisani mbele ya watu, na baada ya ibada Maman atachagua.

Nilimuuliza kama kweli tuko wawili tu. Akajibu, "Papa Anselme, weye fanya ya kwako." Hilo si jibu. Albamu ina nyimbo kumi. Mafundi kumi, kila mtu wimbo mmoja, bure. Albamu inakwisha na hakuna aliyeajiriwa. Nimeshanusa.

Jioni dada yangu mkubwa, Yaya Kavira, ambaye nalala kwake na kula kwake, kasema mwisho wa mwezi huu ndio mwisho. Nisipopata kazi naenda Gety, kwa wakwe zake, kulima maharagwe. Kasema mbegu zimeshanunuliwa. Mbona haraka hivyo? Nani kamshauri?

Jumanne, tarehe 4

Kazi tangu asubuhi, kaske masikioni. Wimbo ni mzuri, siwezi kukana. Débora, mwimbaji wa korali, anaanza peke yake, polepole, kama mtu anayefungua mlango nyumba ikiwa bado imelala. Nimeondoa upepo. Nimeondoa jogoo. Nimeondoa mtu aliyekohoa katika dakika ya pili. (Guelord alikuwepo siku ya kurekodi. Naandika tu.)

Kisha ulinzi. Kwetu tajiri akitaka jina lake litajwe ndani ya wimbo, anampa mwimbaji chochote, na jina linarushwa. Ndiyo libanga. Basi mimi nimejirushia la kwangu. Nakala moja nimeiacha safi. Ndani ya nakala ya pili nimetia sauti yangu mwenyewe, mara tisa: "Wimbo huu ni wa Anselme Kamate! Hajalipwa! Mwizi, Mungu anakuona!" Na mwangwi kidogo kwenye "anakuona". Umekaa vizuri sana.

Flashi ni mbili, nyeusi, pacha. Yenye kifuniko chekundu ni nakala safi, ya kanisani. Yenye kifuniko cha buluu ni mtego. Nyekundu inalala ndani ya soksi. Buluu inakaa mezani, wazi, mwizi aibebe na aibike.

Jumatano, tarehe 5

Guelord kaja nyumbani! Eti anaomba kuazima kebo. Kaleta karanga. Mtu anayeazima kebo haleti karanga. Kaniita "grand", yaani kaka mkubwa, mara nne, kamsaidia Yaya kushusha gunia la unga, kisha kaniuliza kama sauti za akina mama katika wimbo wangu zimenisumbua kama zilivyomsumbua yeye. Nikasema sauti ni sauti. Akacheka. Kilichomchekesha sikijui.

Alipoondoka nilikagua meza. Flashi ya buluu iko palepale! Hakuigusa. Nimefikiri saa nzima. Mwizi asiyeiba ana sababu: anajua kwamba mali iko kwenye nyekundu. Kwa hiyo nimechukua hatua. Hatua gani, siandiki. Shajara hii inalala chini ya mto, na Yaya anatandika vitanda, na Yaya na Guelord wanasalimiana sokoni. Ninayepaswa kujua ni mimi, nami najua.

Karanga nimekula. Zilikuwa nzuri. Naendelea kuwa macho.

Alhamisi, tarehe 6

Nilikuwa nimeweka unywele mmoja kati ya kurasa za shajara hii. Leo haupo. Nimemuuliza Yaya. Kasema yeye hasomi daftari za watu, yeye anafagia, na kama nina muda wa kupanga nywele ndani ya daftari basi nina muda wa kuchota maji. Nimechota maji. Lakini unywele haupo.

Mchana nimepita studio, kama mtu apitaye tu. Ukutani kuna karatasi mpya. Mistari kumi! Sikuweza kuisoma, kwa sababu Maman Émilienne alinivuta ndani akanipa chai. Ya maziwa. Nimeinywa nusu.

Nimerudi na kuchukua hatua tena. Siandiki.

Ijumaa, tarehe 7

Kompyuta imezimika. Mawingu siku tatu, paneli ya jua ya shemeji Léon, mume wa Yaya, haitoi kitu. Nilitaka kusikiliza flashi zote mbili kwa mara ya mwisho, kwa utaratibu. Haiwezekani.

Kwa barabara kuna papa anayechajisha vyombo vya watu. Lakini mke wake anaimba kwenye korali nyingine. Simwachii kompyuta yangu.

Saa kumi Guelord karudisha kebo, tena kaizungusha vizuri na kuifunga kwa uzi. Kasema kwao jenereta inawaka, nije nisikilize kazi yangu kwao, "grand, fundi haachi mzigo bila kuusikiliza". Nimekataa! Nimemwambia yangu naijua kwa moyo. Kaniangalia kwa huruma. Huruma ya kuigiza naitambua.

Jumamosi, tarehe 8

Siku ya kurudisha. Nimekaa kitandani na flashi mbili mkononi, na swali moja: je, nyekundu bado ni nyekundu?

Nimefungua shajara, kurasa za Jumatano. "Hatua gani, siandiki." Nimefungua Alhamisi. "Siandiki." Huyu mwandishi ni mtu hodari. Adui asingepata hata herufi moja.

Basi nimetumia hesabu. Jumatano nilibadilisha vifuniko, hilo nalikumbuka. Alhamisi nikachukua hatua tena. Kubadilisha mara mbili ni kurudi mwanzo. Kwa hiyo nyekundu ni safi. Nimetulia kabisa.

Nimeitia flashi nyekundu ndani ya bahasha, nikaifunga kwa nta ya mshumaa, nikaandika juu: ISIFUNGULIWE KABLA YA IBADA. Maman asije akanakili usiku. Maman Émilienne kaigeuza mara mbili, kauliza, "Hii ni flashi ao ni barua ya askofu?" Nikasema ni utaratibu. Guelord kampa ya kwake mkononi, bila hata karatasi, wakaisikiliza pamoja palepale. Ovyo kabisa.

Yaya kaninyooshea shati. Kalinyoosha mara mbili, kola na mikono. Kesho anakuja.

Jumapili, tarehe 9

Naandika kwa ufupi.

Kanisa limejaa mpaka nje. Wimbo wa Guelord umepigwa kwanza. Mzuri, wa kawaida. Watu wamepiga makofi.

Kisha wangu, wakati wa matoleo. Papa Tharcisse, shemasi, alikuwa anapita katikati na kikapu. Débora kaanza. Nyuma yangu mama mmoja kasema, "Ee, hii sauti mutu aliioshea wapi?" Yaya kanishika mkono. Nilikuwa nimeajiriwa, nasema kweli, kwa muda wa sekunde arobaini nilikuwa nimeajiriwa.

Halafu ikaja sauti yangu, toka bafle zote nne.

"Wimbo huu ni wa Anselme Kamate! Hajalipwa! Mwizi, Mungu anakuona!"

Papa Tharcisse kasimama kama nguzo. Kaangalia kikapu. Kaangalia juu. Kakiweka kikapu chini taratibu, karudi nyuma hatua mbili, kanyoosha mikono watu waone kwamba iko mitupu. Mara ya pili watu walianza kucheka. Mara ya nne watoto walikuwa wameshashika, wakasema "anakuona" pamoja na mwangwi. Ikafika mara ya tisa. Yaya alijifunika kitenge toka mara ya tatu.

Nimekumbuka palepale, kwenye benchi. Hatua ya Alhamisi haikuwa vifuniko; hivyo vilibaki kama vya Jumatano. Alhamisi nilibadilisha soksi.

Baada ya ibada Maman Émilienne kanivuta kando. Hakukasirika, na hilo ndilo baya. Kasema kazi yangu ilikuwa safi kuliko ya mwenzangu, na angenichukua mimi. "Lakini weye uliniita mwizi mbele sijakuibia. Nikichelewa kukulipa siku moja, utanitangaza redio gani?" Kamchukua Guelord. Nikamuuliza kuhusu karatasi ya mistari kumi. Kasema ni zamu za kufagia studio.

Hata hivyo mwangwi ulisikika vizuri mpaka barabarani.

Jumatatu, tarehe 10

Guelord kaja. Nilidhani kaja kunicheka. Kaja na kazi! Kuna harusi kubwa Mahagi-Port, wanahitaji fundi wa kupanga sauti, na yeye sasa yuko studio, hawezi. Kanitaja mimi. Wanalipa, na wakipenda watanichukua kwa harusi zote za msimu. Gari lao linapita hapa Bunia wiki hii, mara moja tu, na halingoji mtu.

Yaya kasikia. Kasema nikilipata gari hilo, habari ya Gety anaifuta. Nikilikosa, mbegu ziko tayari na mimi niko tayari.

Mbona Guelord ananipa kazi nzuri namna hiyo? Mtu hampi mpinzani wake samaki bila kutaka ndoano irudi. Nimekubali, lakini kwa tahadhari. Kaniambia siku, saa na mahali gari litakaposimama. Alitaka niandike. Akanipa na kalamu! Nimemwambia mimi siandiki mambo ya namna hiyo. Nimetia kichwani. Kichwa hakina kifuniko.

Siku na tarehe: siandiki

Begi limefungwa tangu alfajiri. Kebo ndani, kaske ndani. Niko tayari kabla ya wote.

Gari ni leo. Au ni kesho. Saa mbili ya asubuhi mbele ya soko, au saa nane karibu na kituo cha mafuta. Kumpigia Guelord siwezi. Akijua kwamba sijui, atajua.

Nimetumia hesabu. Ni kesho.

Saa tatu hivi gari limepita kwa barabara likipiga honi sana, muziki juu, bafle zimefungwa kwa kamba nyuma. Dereva alikuwa anaita jina linalofanana na langu. Sikutoka. Ndivyo wanavyomjaribu mtu.

Mlangoni kuna gunia la mbegu za maharagwe ambalo jana halikuwepo, na jembe jipya. Nani kaviweka pale, na kwa nia gani? Nachunguza.