Mbuzi Anayekata Nyasi kwa Rula

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekata nyasi za ua mzima kwa mikono yangu, na miaka yangu sabini na miwili. Jasho likitiririka! Wapita njia wamesimama kunishangaa.

Sawa. Uongo. Nimekata kipande cha upana wa mkeka, kisha mashine ikapita juu ya waya wake wenyewe, ikakata roho. Na aliyesimama kunishangaa ni mmoja tu: shemeji, kaka wa mke wangu. Hakuja kusaidia. Yeye ni fundi mwashi, na mkononi alishika futi kamba.

Kisa chenyewe: mama watoto yuko kwa binti yetu aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alininyooshea kidole. Akirudi Jumapili akakuta msitu, ua wote unamwagwa zege. Kaniachia na pesa ya mtunza bustani, kaifunga kwenye leso.

Zege! Pale ndipo ninapolala kila alasiri, viatu kando, tumbo juu. Juu ya zege analala nani? Mjusi.

Shemeji kapima, kaandika, kapiga mluzi. Bado ana kinyongo cha suruali yake nzuri iliyoungua kwa pasi nyumbani kwangu. Lawama nilibeba mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Leso haifunguliwi. Ipo redio dukani inayoniita kwa jina.

Mtunza bustani yeyote atajisifu. Nami nitamwambia maneno matupu hayakati nyasi, anikatie kipande kimoja cha mfano, nikipenda tutazungumza. Mafundi watatu, vipande vitatu, ua umekwisha. Shule niliiacha darasa la nne, na hesabu hii imetoka bila kuhesabia vidole!

Nimepiga simu tatu. Kila mtu na siku yake.

Jumatano, 5 Machi

Wa kwanza ni mwanamke, buti hadi magotini. Nimempa jina: Mama Buti. Kainama, kachuma jani moja pale nilipokata mimi, kauliza nani kalitafuna hili. Nikasema shemeji.

Kanoa kisu cha mashine yake, kakata upande wa lango. Fupi, safi, kama kichwa cha askari. Kingo za njia kazinyoosha kwa jembe. Kisha kachomeka kibendera chenye namba yake ya simu. Nikamwambia aje Jumamosi asubuhi achukue jibu. Akasema, mzee, mbona macho yako yanacheka peke yake?

Mwanamke hatari.

Alhamisi, 6 Machi

Wa pili, Profesa. Miwani kwenye kamba, kapiga magoti, kanusa udongo. Kibendera nilikificha mfukoni, kikawa kinanichoma paja.

Kaona kipande cha jana. Nani kakata hapa? Mbuzi, nikasema. Akataka kujua ni mbuzi gani anayekata kwa rula. Nikamwambia ni wa jirani, kasoma.

Hapo akanipa somo: nyasi hazipunguzwi zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa siku moja, zitapata mshtuko. Nikamwambia hata mimi nina mshtuko, hakuna aliyewahi kunipimia. Lakini kipande chake, jamani! Laini kama godoro. Nikamwambia jibu Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, 7 Machi

Wa tatu, Kimya. Kasema maneno matatu: wapi, hapa, haya. Kakata mistari, mmoja wa kijani hafifu, mmoja wa kijani kibichi. Jibu? Jumamosi.

Alipoondoka nikapanda kiti nitazame ushindi wangu. Kipara. Godoro. Shati la mistari. Katikati, mkeka wangu uliotafunwa. Ua umekuwa blanketi la viraka! Nikajifariji: viraka si msitu, na nina kesho nzima ya kusawazisha.

Simu ikalia. Mama watoto. Kabadilisha safari, anafika kesho saa sita mchana. Kaka yake atampokea na kigari, keshapakia saruji kabisa, wasije wakapoteza safari.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi. Langoni, watatu kwa mpigo.

Kuna mtu aliyekuwa mwerevu wa kupanga siku tatu za kuja, akasahau kupanga siku tatu za jibu? Yupo. Ndiye anayeandika.

Kumbe Mama Buti ndiye aliyewafundisha kazi wale wawili! Shikamoo mama, marahaba wanangu, vicheko. Kisha wakatazama ua. Profesa akauliza, kwa upole ule mbaya, yule mbuzi msomi yuko wapi, angependa kumwajiri. Kimya alicheka mpaka akashika lango.

Mama Buti hakucheka. Akasema wangeweza kwenda zao, lakini vipande havitakwenda nao, na atakayeviona atajua vya nani. Hiyo aibu hawaitaki. Kwa hiyo leso ifunguliwe, kazi imalizwe, na mbuzi ashike reki.

Mbuzi nikashika reki.

Wakabishana urefu mpaka Mama Buti akakata shauri: urefu wa Profesa (kipara cha langoni kitaota chenyewe), mistari ya Kimya, kingo zake yeye. Mimi nikakokota majani, kikapu baada ya kikapu. Kiuno kililia kwa sauti.

Saa sita, kigari. Mama watoto kashuka. Kaangalia nyasi. Kaniangalia mimi, reki, jasho, safari hii la kweli. Miaka arobaini na minne ya ndoa hajapata kuliona. Kavua viatu, katembea peku juu ya nyasi hadi ukutani, karudi. Akamwambia kaka yake ageuze kigari.

USHINDI! Shemeji kaondoka na saruji yake, futi kamba ikining'inia mfukoni kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala juu ya nyasi zangu saa tatu nzima. Tumbo juu. Mama watoto kaniletea mto mwenyewe, akasema nimekuwa mtu mpya.

Kweli nimekuwa mpya. Nikiwa chali nimeona jinsi rangi ya nyumba ilivyobambuka. Mafundi rangi watatu, kuta tatu za mfano. Ukuta wa nne ni wa nyuma, hauonekani. Na nimejifunza: safari hii hakuna anayeambiwa Jumamosi. Wote nimewaambia Jumatatu.

Mama watoto, najua daftari hili unalisoma nikisinzia. Kurasa zinanukia vitunguu vyako. Suruali ya kaka yako uliiunguza wewe, nikasema ni mimi. Sikudai kitu. Ila fundi rangi wa pili akikuuliza nani kapaka ule ukuta wa kwanza, tafadhali, sema ni mbuzi.