Macho Yangu Yasiguswe

Shinyanga, Juni 1983

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Wauguzi,

Shikamoo. Mimi ni Maduhu, mwanafunzi wa mwaka wa pili na kiongozi wa darasa, ingawa tangu Jumanne sina hakika ni nani bado ananifuata. Kwa heshima zote naleta malalamiko yangu juu ya mwalimu wetu, Sista Apolonia.

1. Jumanne hiyo Sista alitufundisha kwamba katika hospitali za mbali, mtu akifa, kioo cha jicho lake huweza kushonewa kipofu, naye akaona. Tukapiga makofi. Ndipo akauliza, "Nani kati yenu angekubali kutoa ya kwake?" Ghafla kila mtu akadondosha kalamu. Nikasimama mimi, kuokoa heshima ya darasa.

2. Nilieleza kwamba mimi siwezi, maana nikifika kwa mababu bila macho nitapotea njia na kuingia katika ukoo wa watu. Sista akasema, "Kwani hao mababu, macho yao hayajaoza?" Darasa likacheka, hata wale waliokuwa bado wanatafuta kalamu chini ya meza.

3. Tuseme macho yangu apewe mchimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo. Mimi naogopa hata kuchungulia kisima. Yeye atayateremsha shimoni kila siku. Na je, akiyatumia kukodolea wake za watu? Siku ya kiyama nitaitwa shahidi, pengine mshtakiwa, kwa ajili ya wanawake nisiowajua hata majina.

4. Hili ndilo zito. Wodini yupo Mama Paskalina, mkulima wa Didia, aliyeletwa na kidonda cha mguu. Surua ya utotoni ilimwachia ukungu mweupe kwenye vioo vya macho, haoni kitu. Juzi nikimfunga bendeji akasema, "Ng'wanone, mwanangu, nasikia ng'ombe wanapita nje. Wa rangi gani?" Nikajibu, wekundu. "Wekundu wa namna gani?" Mimi, Msukuma mzima, nimeshindwa kumweleza mtu ng'ombe! Kazi hii haikutajwa nilipojiunga na chuo.

Kwa hiyo naomba somo lile lifutwe; au itangazwe rasmi kwamba kazi ya muuguzi ni kuwashawishi wengine watoe.

Nisalimie walimu wote, wapishi, mlinzi wa getini, na Sista Apolonia pia, ila yeye kwa sauti ndogo.

Ni mimi mwanafunzi wako, mwenye viungo kamili hadi leo,
Maduhu

Nyongeza: Nimemsomea Mama Paskalina barua hii ili awe upande wangu. Alicheka hadi muuguzi wa zamu akaja mbio. Kisha akauliza, "Sasa wewe ukishakufa, unataka kuangalia nini?" Nikaanza kuikunja barua upya. Akanishika mkono. "Usione haya," akasema. "Hata mimi ningeogopa." Hapo nilitoka nje, nikaenda nyuma ya jiko la hospitali, nikalia kama mtoto.

Ndugu Mkuu, mwambie Sista aandike jina langu kati ya watakaotoa macho, tena liwe la kwanza. Nasisitiza jambo moja tu: wasiwe na haraka.