Mwezi wa Mipichi

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu katangaza. Alikuwa anakata figili, hakuinua hata uso. Kasema mwaka huu anatimiza miaka sitini na anataka kuona maua ya micheri Gyeongju. Si kwenye televisheni. Kwa macho yake.

Kanikumbusha fungate yetu. Tulikwenda Gyeongju miaka thelathini na mitano iliyopita, mvua ikanyesha siku tatu, tukaona dari ya hoteli. Tangu hapo nimeahidi kila mwaka. Mwaka jana nilimpeleka tamasha la maua. Tulikuta soseji, waimbaji, na matawi matupu. Maua yalichelewa. Kwani maua nayapanga mimi?

Kasema nisipompeleka safari hii, ataenda na dada yake na mume wa dada yake, Chang-sik.

Chang-sik! Mwanyumba wangu huyu ni mdogo kwangu miaka mitatu. Lakini yeye kaoa dada mkubwa, mimi nimeoa mdogo, basi kwa mila zetu mkubwa ni yeye. Mimi, mtu wa miaka sitini na sita, namwita Kaka. Yeye ananiita mdogo wangu, tena analitamka polepole ili alifaidi.

Haendi naye. Sitakubali.

Jumanne, 5 Machi

Nimepigia simu nyumba kumi na moja za wageni. Zote zimejaa. Moja iliniuliza kama nina maana ya mwaka kesho. Nyingine ilicheka tu ikakata.

Jioni, neema! Nimeona kwenye kompyuta nyumba ya kale katika kijiji cha Dolmoe, nje kidogo ya Gyeongju. Paa la vigae, ua mpana, micheri minne mizee. Ni nyumba kuu ya ukoo wa Byeon. Na mimi je? Byeon Tae-sul!

Kweli, wao ni akina Byeon wa Dolmoe, sisi ni akina Byeon wa kaskazini. Hatuhusiani kabisa. Tangazo linasema majira ya maua nyumba hupokea watoto wa ukoo peke yao. Tangazo lenyewe ni la miaka tisa iliyopita, lakini ukoo haubadiliki.

Nina wazo.

Jumatano, 6 Machi

Simu ni ya watu wa kawaida. Mtoto wa ukoo huandika barua, kwa brashi na wino. Nimeharibu karatasi kumi na nne na kitambaa kimoja cha meza.

Nimeandika kwamba babu yangu alipotezana na wenzake wakati wa vita. Kwamba kila nikisikia jina la Dolmoe kifua kinanibana. Kwamba nataka kuja na mke wangu kuwapigia magoti mababu zetu. Kuhusu tarehe, sikuandika 29 Machi kama karani wa benki. Nimetumia lugha ya wasomi wa zamani: "siku ya ishirini na tisa ya mwezi wa mipichi." Ndio mwezi wa tatu huo, ila kwa heshima zake. Niliutafuta kwenye kamusi mara mbili. Neno tamu kweli!

Mke wangu, Mama Da-on, kaona brashi na wino akauliza nani kafa.

Jumanne, 12 Machi

Bibi wa nyumba kuu kapiga simu mwenyewe. Ana miaka themanini na tatu na sauti ya kuitia ng'ombe. Kasema barua imemliza. Kisha kauliza jina langu kamili, maana kila kizazi cha ukoo wao kina silabi yake kwenye majina. Kahesabu kwa sauti. Tae, Tae, Tae. Kumbe "Tae" ni kizazi cha vitukuu wake!

Papo hapo heshima zote zikaisha. "Wee Tae-sul! Unakula vizuri lakini? Mkeo anajua kupika?" Nikajibu ndiyo bibi, anajua bibi. Nilisimama wima sebuleni muda wote, simu mikono miwili.

Lakini chumba tumepata! Kikubwa, dirisha linatazama micheri. Kasema siku yangu kaiandika kwenye kalenda.

Jumamosi, 16 Machi

Chang-sik na mkewe wamekuja kula. Kamaliza samaki wangu wa kuchoma. Kasema amesikia Gyeongju imejaa yote, pole sana mdogo wangu, labda mwakani.

Nilijizuia kwa muda wa bakuli moja la pombe ya mchele. La pili likanifungua. Nikamweleza kila kitu: Dolmoe, vigae, micheri minne, barua. Akauliza kwa nini sikupiga simu tu. Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Nikamwambia, Kaka, kuna milango haifunguki kwa simu.

Akaandika kitu kwenye simu yake. Labda aliona aibu.

Jumatano, 27 Machi

Maua yamefunguka Gyeongju! Televisheni imeonyesha. Mama Da-on kanunua viatu vyeupe na kofia. Anaosha mchele huku anaimba, na mwanamke huyu sijamsikia akiimba tangu binti yetu aanze shule.

Nimefanya mazoezi ya kupiga magoti. Goti la kulia limelia kama mlango. Lakini ukweli nina furaha.

Ijumaa, 29 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tumefika Dolmoe saa nane mchana. Maua yamefunika paa. Mama Da-on kasimama langoni na kofia yake, kashika mkono wangu. Hatua tatu ndani ya ua nikasikia: "Ah, mdogo wangu! Mmechelewa."

Chang-sik! Kwenye varanda ya mbao, soksi kavua, anakula chapati za vitunguu majani. Mkewe pembeni anapunga mkono.

Alipiga simu. Ndiyo, alipiga simu tu! Alimwambia bibi kuwa mke wake anapenda maua, kuna nafasi? Bibi akamwambia njoo. Habari ya watoto wa ukoo peke yao ilikwisha siku nyingi, mwenye kulibadilisha tangazo hayupo.

Nikamwendea bibi. Nikajitambulisha, nikapiga goti, likalia. Kanitazama sana. "Tae-sul? Mbona umekuja leo? Siku yako bado."

Nikasema leo ni ishirini na tisa, mwezi wa tatu.

Kaniburuta mpaka jikoni, kwenye kalenda ya ukutani. Kila siku ina tarakimu kubwa ya kalenda ya jua, na chini yake tarakimu ndogo ya kalenda ya kale, ile inayofuata mwezi wa angani. Mimi mwaka mzima nasoma zile kubwa kama kila mtu. Bibi akaweka kidole kwenye ndogo. "Umeandika mwezi wa mipichi. Nani kahesabu mipichi kwa jua? Ishirini na tisa ya mwezi wa mipichi ni tarehe saba Mei. Tena siku yenyewe ya tambiko la mababu! Nikasema, huyu kitukuu kalelewa."

Chumba chenye dirisha alikuwa amewapa akina Chang-sik. Mama Da-on alivua kofia akaishika kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo nilipoogopa.

Dada yake ndiye aliyeokoa: wao wawili walale chumba kikubwa. Chang-sik kwa kuwa ni mgeni kapewa chumba cha wanaume wenye heshima. Mimi si mgeni, mimi ni kitukuu. Nimepewa stoo ya maharage yaliyovundikwa. Yananing'inia juu ya kichwa changu kwa kamba, yamefinyangwa matofali ishirini na mawili, yananuka kama soksi za jeshi zima.

Jumamosi, 30 Machi

Saa kumi na moja alfajiri bibi kagonga mlango. "Wee Tae-sul! Mtoto wa ukoo halali jua likichomoza!" Kanipa ufagio.

Nilifagia ua. Upepo ukavuma, maua yakaanguka tena. Nikafagia tena. Nikabeba maji. Nikaosha mitungi ya mchuzi wa soya, mikubwa kuliko mimi. Kila nikinyoosha mgongo, Chang-sik varandani ananiinulia kikombe cha chai. "Jikaze, mdogo wangu!"

Mama Da-on alikuja na viatu vyake vyeupe. Kasema yeye na dada yake wanakwenda kutembea chini ya miti njia ya ziwani, twende. Nikamnong'oneza kwamba siwezi, nikiondoka bibi atashtuka na uongo utafichuka. Avumilie, nina mpango.

Walirudi saa kumi. Kofia yake imejaa maua, mashavu mekundu. Nikamuuliza yalikuwaje. Kasema mazuri. Kisha akakaa kwenye ngazi karibu na ufagio wangu.

"Baba Da-on," kasema, "unadhani miaka yote hii nilikuwa nangoja maua? Maua hata nyuma ya soko yapo. Nilikuwa nangoja kuyatazama na wewe."

Nilitaka kumwambia kwamba leo nimefagia vikapu vitano vya maua, kwa hiyo hakuna mtu Gyeongju nzima aliyeyaona kwa karibu kama mimi. Nashukuru Mungu sikusema. Nilikaa pale ngazini na kuona uchungu. Kisha bibi akaniita nikaoshe vyombo.

Jumanne, 7 Mei

Nimerudi Dolmoe kwa tambiko. Peke yangu. Ningekataaje? Bibi alipiga simu mara nne.

Micheri ni majani matupu. Kizazi cha chini kabisa ni mimi. Msichana wa chuo kikuu mwenye nywele za zambarau ni wa kizazi cha baba yangu, yaani shangazi yangu, na nimemwamkia kwa kuinama. Nimebeba meza. Nimepiga magoti mara kumi na nane mbele ya mababu wa watu.

Baadaye wazee wakafungua kitabu cha ukoo wamtafute babu yangu. Kurasa zikafunuliwa. Jasho likanitoka mpaka kwenye viatu. Bibi akakifunga kile kitabu, akasema macho yamechoka, wataangalia mwakani.

Aliponisindikiza langoni kasema alijua tangu barua ile, maana akina Byeon wa Dolmoe hawajawahi kupotezana na mtu, ni wambea mno. Nikamuuliza basi kwa nini aliniacha.

"Unafagia vizuri," kasema.

Jumapili, 12 Mei

Nimewaza sana. Mama Da-on ana haki. Hakutaka maua, alitaka mimi niwe pembeni yake. Nimelielewa hilo, na nimeapa: majira ya majani mekundu tutakuwa sisi wawili tu, mkono kwa mkono, hakuna Chang-sik.

Kuna hekalu mlimani, miti ya majani hayo imelizunguka pande zote. Vyumba vya wageni huwahiwa mapema sana. Chang-sik, hakuulizwa, kasema nipige simu sasa hivi, bado vipo. Simu! Mtu huyu hajifunzi.

Mtawa hafukuzwi hekaluni. Leo asubuhi nimenyoa kichwa. Kinyozi aliniuliza ninaandamana kupinga nini. Mama Da-on kaniona mlangoni, karudi jikoni, kafunga mlango.

Barua nimeipeleka posta mwenyewe. Nimeweka sahihi ya jina la kitawa, Wingu Tulivu. Safari hii hakuna cha mipichi, nimeandika waziwazi kabisa: tunafika mwezi wa kumi, tarehe ishirini na tano. Kwa jua au kwa mwezi sikutaja. Watu wa hekalu ni wasomi, wenyewe watajua.