Nyuzi Nne za Kumpata Mke

Jumatatu, 3 Juni
Baba wa mchumba wangu amesema neno lake. Ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na hamtoi binti yake kwa mtu asiyejua aina za maneno. Jumamosi nitahojiwa. Mimi fundi cherehani! Tangu lini suruali ikauliza kitenzi? Karani wa posta, anayemtaka mchumba huyo huyo, amepita dukani kuniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Mnafiki mkubwa.

Jumanne, 4 Juni
Mchumba kaniletea kitabu. Anasema tusome pamoja kila jioni. Nimemshukuru sana. Nimekiweka chini ya mguu wa meza inayocheza, na meza imetulia.

Jumatano, 5 Juni
Mungu mkubwa! Shemeji kanitobolea siri: baba yao hutahini kwa sentensi moja tu, ya mbwa mweusi anayekimbia haraka. Kwa Kiingereza ni maneno manne, “mweusi” likitangulia. Nimeshona alama nne ndani ya mkono wa shati: kijani kivumishi, nyekundu nomino, bluu kitenzi, njano kielezi. Kazi safi.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu. Sebule imejaa wajomba na mashangazi. Na Karani! Mzee akaitaja sentensi. Nikajifanya kujikuna, nikachungulia, nikajibu kwa sauti: mweusi ni kielezi, mbwa ni kitenzi, kukimbia ni nomino. Shangazi mmoja akaguna. Nikamalizia: haraka ni kivumishi. Mzee akavua miwani, akaniuliza kama naumwa.

Nimegundua nikiwa njiani. Sisi mafundi hushona nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje. Shati lilipogeuzwa, rangi ya kwanza ikawa ya mwisho. Nampenda yule binti, jamani. Nimelia.

Jumapili, 9 Juni
Mchumba kaja, macho mekundu. Hakufoka, afadhali angefoka. Baba yake amenipa mwezi mmoja, na safari hii atabadili sentensi. Nikishindwa, ataozwa Karani, naye hampendi. Kanishika mkono, kanisihi nisome. Nimeapa kwa moyo wangu wote: sitashona tena alama kwenye shati langu.

Jioni Mzee mwenyewe kapita. Hana kinyongo. Kaniachia koti lake nibadilishe vifungo, anataka kulivaa siku ya mtihani. Atakaa mbele yangu, kifua kikinielekea. Koti lina vifungo vinne. Rangi nimeshachagua.