Wananchi wa Korongoni

Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, taifa lilitangaziwa kwamba Idara ya Jamii Zisizofikiwa imegundua jamii ambayo haijawahi kufikiwa hata na idara yenyewe. Aliyetangaza ni Mkurugenzi, redioni, kwa ile sauti aliyoitunza kwa ajili ya misiba na mafanikio.

Habari hizo alizitoa kwenye ripoti ya mtaalamu mmoja wa misitu. Ripoti ilieleza kwamba ndani ya makorongo ya mwamba wa mchanga, mahali ambapo upepo hauingii na jua huchungulia tu, zimestawi kwa karne nyingi jamii za miti ya mbao ngumu. Mkurugenzi alisoma mpaka neno "jamii", akafunga faili. Hakuwa mtu wa kumaliza kitu ambacho mwanzo wake umeshamridhisha.

Alhamisi akafika korongoni na karani wake, meza ya kukunja na mabunda ya fomu. Alipokewa na mlinzi wa msitu, mama wa makamo aliyeishi peke yake kwenye kibanda mdomoni mwa korongo, kazi aliyoirithi kwa marehemu baba yake. Mama aliwapitisha katikati ya kuta mbili za mwamba mwekundu, maji yakichuruzika, ubaridi ukiwatambaa shingoni, hadi pale miti iliposimama, minene, mirefu, imenyooka kama iliyoitwa gwaride. Mkurugenzi akauliza wananchi wako wapi.

"Ndio hawa, mzee," mama akasema. "Ni miti."

Akili ilimwambia Mkurugenzi arudi mjini akaombe radhi. Lakini redio ilikuwa imeshasema, Waziri ameshapongeza, na maji yakimwagika hayazoleki. Akamgeukia karani, akamwambia aanze kuhesabu.

Kazi ilichukua siku tisa. Karani alijaza fomu moja kwa kila mkazi. Penye kazi aliandika "anasimama". Penye hali ya ndoa alikwama, na Mkurugenzi akaamua kwamba walioota karibu karibu wahesabiwe wameoana. Mti mmoja uliokabwa na mmea wa kutambaa uliandikwa kuwa na mgogoro wa kifamilia. Wakapatikana wakazi elfu nne mia moja na kumi na wawili, hawana shule, hawana zahanati, na hakuna aliyewahi kulalamika. Hali hiyo, Mkurugenzi alisema, haivumiliki. Akaagiza jamii nzima ihamishiwe uwandani, karibu na barabara, ndani ya siku tisini.

Mama, aliyekuwa akiwamiminia chai, aliweka birika chini. Akauliza watahamishwaje.

"Kwa awamu," Mkurugenzi akajibu.

Karani, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli, akafafanua kwamba awamu maana yake ni vipande.

Mama hakubisha. Aliazima kitabu cha kanuni za idara, akaketi juu ya jiwe, akakisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole akikilowesha mate. Adhuhuri akarudi na ukurasa wa mwisho. Ulisema jamii yoyote haitahamishwa mpaka mwenyekiti wake, aliyechaguliwa na wakazi, atie saini. Mkurugenzi aliziheshimu sana kanuni, hasa zile ambazo hakuwahi kuzisoma, kwa hiyo uchaguzi ukafanyika alasiri ileile. Mgombea alitakiwa awe mkazi, awe mtu mzima, na aweze kushika kalamu. Sharti la tatu liliwaangusha wengi. Akabaki yule wa kibandani. Mkurugenzi akapaza sauti kuuliza kama kuna anayempinga, akasubiri dakika nzima, kama kanuni inavyotaka. Korongo lote lilikaa kimya. Akamtangaza amepita bila kupingwa, akamsogezea karatasi.

"Sisaini," mwenyekiti akasema.

Badala yake akamtajia karani maneno ya barua ya kumwandikia Waziri. Wakazi hawataki kuhama, ila wanasikitika serikali imekaa mbali nao kwa muda mrefu. Wanaomba afisa wa kuishi nao hapo hapo, na kwa jinsi walivyomzoea, wanamwomba Mkurugenzi mwenyewe.

Waziri aliisoma barua ile akatokwa na machozi. Miaka yote aliyokaa madarakani, kila jamii ilimwomba awaondolee afisa. Hakuna iliyowahi kumwomba awaletee. Akasaini uhamisho wa Mkurugenzi papo hapo. Mkurugenzi akajikaza, akaeleza kwamba wale, kwa kweli, ni miti.

Waziri akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo mimi nilipongeza miti?"

"Hapana, mheshimiwa," Mkurugenzi akasema.

Akaripoti korongoni na sanduku lake, tai shingoni. Mwenyekiti alimpokea kwa heshima zote, akamwacha amalize chai. Kisha akamweleza kwamba kwenye ukingo wa juu, mwambani, kuna miche ambayo maji ya kijito hayaifikii, na kiangazi kimeanza. Akamkabidhi ndoo mbili, akamsihi apande ameshika ukuta, maana mawe yanateleza.

Kufikia saa sita Mkurugenzi alikuwa amepanda na kushuka mara kumi na moja, suruali ameikunja, tai ameifunga kichwani kuzuia jasho. Safari ya kumi na mbili alikuta mche wenye majani mawili tu. Akauinamia, akaumiminia taratibu, akangoja udongo unywe.

"Yanatosha, mheshimiwa?" akauuliza.