Sponji wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi. Bunju.

Tekla bado yuko kwa mama yake, Mtoni. Nyumba kimya. Kaondoka na godoro, kaniachia kitanda. Nalala juu ya maboksi ya karatasi niliyotoa kwenye duka langu la fotokopi, na kila asubuhi mgongo unanikumbusha kwamba nina mke na sina mke. Yote haya kwa sababu ya konokono! Mradi ulikuwa mzuri. Hakuna aliyeniambia kwamba konokono hupanda. Tekla kafunua sufuria ya maharage, kawakuta wamejituliza humo. Kabla ya hapo walikuwa kware. Kabla ya kware, uyoga chini ya kitanda. Mwanamke hana subira ya ujasiriamali.

Mchana kapiga simu Brightson, aliyemuoa mdogo wake Tekla. Anafundisha baiolojia sekondari moja huko Chang'ombe na huongea na kila mtu kana kwamba yuko kidato cha kwanza. Kasema mama mkwe wetu, Ma Kokushubila, ameitisha kikao cha kutupatanisha, Jumapili tarehe 16. Itakuwa Kwaresma, hataki ugomvi uingie na Pasaka. Niende na mtu mzima mmoja. Niombe radhi. Nisitaje mradi wowote. "Braza Rev, we kaa kimya tu, mengine tutakusaidia." Nikakubali. Nikaapa.

Jioni nikafungua simu kupoteza mawazo. Wanawake wa Unguja, wamesimama baharini, wanafuga sponji kwenye kamba! Kumbe sponji ni mnyama! Miaka yote nilidhani ni kitu cha kiwandani. Hana kichwa, hana mdomo, hana tumbo, hana moyo, hana miguu. Ana vitundu mwili mzima. Maji yanaingia kwa vitundu vidogo, yanatoka kwa tundu kubwa juu, na chakula anakichuja humo humo. Ukimkata kipande, kipande kinakua mnyama mwingine. Akifa, mifupa yake laini ndiyo watu wanaogea, na watalii wanaigombania.

Hapandi sufuria! Hawiki! Ni mke gani atamkimbia mnyama wa namna hii?

Jumanne, 4 Machi.

Duka nimelifunga. Nimekwenda Mbweni maji yalipokupwa. Nimevuna wanne: wa rangi ya chungwa, mweusi, wa zambarau aliyesimama kama mabomba, na mmoja wa njano asiyeeleweka. Wameshika mwamba kweli kweli, ikabidi nitumie kisu cha jikoni. Akina mama waliokuwa wakiokota chaza wakaniuliza nakata nini. Nikawaambia ni mnyama, hana ubongo lakini anaishi vizuri tu. Wakachukua ndoo zao wakasogea mbali.

Viganja vinaniwasha tangu mchana. Chumvi.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Nimepakwa majivu, nimekumbushwa kwamba mimi ni mavumbi. Sikuhitaji kukumbushwa.

Maji ya bahari yalimwagika jana njiani, mengi yake mgongoni mwa kijana wa bodaboda, ambaye hatanibeba tena. Nikajaza beseni maji ya kisima. Kisima cha Bunju kina chumvi yake, nikaongeza pakiti ya chumvi ya mezani. Yenye madini joto, wapate afya. Beseni liko bafuni. Mimi naogea nje nyuma ya ukuta.

Nimempigia Brightson kwa ujanja, nikasema kuna mteja wa dukani anauliza habari za sponji. Kosa kubwa. Kanifundisha mpaka salio likaisha. Kwamba sponji hawagawanywi kwa rangi, kwa sababu aina moja inaweza kuwa na rangi tatu, na rangi moja ikawa ya aina kumi. Wanagawanywa kwa mifupa. Wengi wana visindano vidogo mno ndani ya nyama. Kuna kundi lenye visindano vya chokaa. Kuna kundi la kina kirefu lenye visindano vya kioo vyenye ncha sita. Kundi lililo kubwa kuliko yote lina visindano vya kioo, au nyuzi laini, au vyote viwili, na ni wachache tu humo wenye nyuzi peke yake. Hao ndio wa kuogea. Ukitaka kujua, kata kipande, kitie kwenye jiki. Nyama itayeyuka, visindano vitabaki, uviangalie kwa hadubini. "Mwambie huyo mteja wako asijipake kitu asichokijua," kasema.

Wivu. Nani kawahi kuona mnyama wa kioo? Mimi nimegawanya wangu kwa akili ya kawaida: Wapole, Wastani, na Wenye Hasira. Yule wa rangi ya chungwa ni Mpole. Ukimbonyeza anarudi taratibu, bila kinyongo.

Ijumaa, 7 Machi.

Wamekufa. Wote.

Harufu imeanza alfajiri. Nilidhani ni mtaro. Nikafungua bafu, nikafunga. Saa moja haijafika mwenye nyumba, Mzee Khalfani, yuko mlangoni, na mwezi huu amefunga. Shikamoo yangu kaiitikia akiwa ameziba pua. Kauliza kama kuna panya aliyekufa. Nikasema si panya, ni mnyama wa bahari. Kaingia, kaangalia, kauliza shingo yake iko wapi. Nikatafuta. Hana. Basi Mzee kasema mnyama asiye na shingo ya kuchinjwa hajui amweke kundi gani, lakini harufu anaijua, na magharibi ikimkuta ipo nitamtafutia yeye pa kufuturu na mimi pa kulala.

Nimekaa juu ya ndoo nimelia. Sijui kulia vizuri, nimetoa sauti kama mashine ya fotokopi ikikwama. Mnyama huyu kazi yake ni moja tu, kupitisha maji mchana kutwa, na humo anapata vidudu vya kula. Mimi nimempa maji yaliyokufa na chumvi ya mboga. Mnyama asiye na mdomo, nami nimeweza kumuua kwa njaa! Tekla alisema kila ninachokigusa kinakwisha. Nilimwambia ana nuksi. Sasa nani mwenye nuksi?

Baadaye. Ngoja. Si walisema kinachotumika ni mifupa, baada ya nyama kuoza? Basi hawajafa! Yaani wamekufa, lakini kama mahindi yanavyokauka. Hiki si kifo, haya ni mavuno! Nimelihamishia beseni uani, nyuma ya tangi, na Mzee amefuturu kwa amani upande wa upepo.

Jumapili, 9 Machi.

Nimeosha, nimeanika. Wa zambarau amesagika. Wa njano hata sijui ameishia wapi, kumbukumbu yake ni harufu tu. Mweusi paka kamchukua, kisha kamrudisha. Amebaki Mpole, wa rangi ya chungwa. Rangi imepauka lakini umbo! Vitundu vyake! Nimemlowesha nikajaribu kwenye kiwiko. Safi kabisa. Viwiko vyangu ni vigumu kwa sababu ya kuegemea kaunta, lakini ngozi ni ngozi.

Nimepata wazo. Sitataja mradi, nimeapa. Zawadi si mradi. Nitampelekea Mama zawadi, aone mwenyewe mkwe wake ni mtu wa namna gani. Mama akiridhika, Tekla atarudi. Tekla akirudi, godoro litarudi.

Jumanne, 11 Machi.

Nimemuomba Fransis, mwenyekiti wa jumuiya yetu, awe mtu mzima wangu. Kakubali mara moja, mpaka nilipomwonyesha zawadi. Kaniambia nipeleke sukari na kitenge. Au senene wa kukaanga, kama kweli mimi ni Mhaya. Mkwe hampelekei mama mkwe wake kitu cha kujisugulia mwili, haijawahi kusikika. Nikamweleza kwamba hili si dodoki. Dodoki ni mmea, huyu ni mnyama, na hata senene ni wanyama. Kasema mmea au mnyama, yeye anachowaza ni kitakakopita.

Hata hivyo mimi si mtu mzembe. Nimefanya kipimo cha Brightson. Kipande kwenye glasi, jiki juu yake. Nyama ikayeyuka kama alivyosema. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikatafuta hivyo visindano. Hakuna! Hata kimoja! Chini kulibaki vumbi jeupe tu, linametameta kidogo. Nikalimwaga.

Mwalimu wa baiolojia!

Jumapili, 16 Machi. Mtoni.

Naandika kwa jicho moja.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Tulifika na mvua. Sebule imejaa: Mama, Tekla, Brightson na mkewe. Fransis alizungumza vizuri sana. Nami nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa ajili ya konokono, nikaomba radhi kwa ajili ya kware, na nilimaanisha, Mungu ni shahidi. Tekla aliangalia chini. Alikuwa amesuka. Nikaona nyuma ya mlango begi lake limefungwa zipu, na godoro limekunjwa, limefungwa kamba, tayari kwa safari. Alikuwa amekwisha kuamua. Alikuwa anakuja nyumbani! Kilichobaki ilikuwa mimi kukaa kimya mpaka chai.

Mama akauliza kama miradi nimeiacha. Nikasema nimeiacha. Brightson akanikonyeza kwamba inatosha. Fransis akanivuta shati kwamba inatosha. Nikatoa kifurushi.

Nilikifunga kwa karatasi ya harusi na utepe. Mama akafungua. Akakigeuza juu chini. Akauliza ni mkate? Nikasema hapana Mama, ni mnyama wa kuogea. Fransis akafumba macho. Nikaanza kueleza, na nilipoanza sikuweza kujizuia: vitundu, tundu kubwa, jinsi asivyo na ubongo wala moyo na bado anawalisha watu wa Unguja. Brightson akauliza taratibu kama nilimpima. Nikasema nilimpima kwa jiki, hana kisindano hata kimoja. Na waone wenyewe, mimi si mtu wa maneno! Nikamchukua nikajisugua shingo, mashavu, paji la uso, mbele yao wote, kwa nguvu.

Tekla alikuwa ameanza kuondoka sebuleni. Hapo ndipo Mama alipofanya lile jambo. Alinihurumia. Alisema zawadi ya mtoto haikataliwi, akamchukua sponji mikononi mwangu, akajipangusa jasho usoni kama mtu anavyojipangusa kwa leso, polepole, pande zote mbili, akanitabasamia.

Kwanza nikawashwa mimi. Nikasema ni joto. Kisha Mama akajikuna shavu. Kisha akajikuna kwa mikono miwili. Akasema kitu kwa Kihaya ambacho sikuwahi kumsikia akisema, na mkewe Brightson akakimbilia maji, na Brightson akapiga kelele asisuguliwe, asisuguliwe. Akamshika Mpole kwa mfuko wa nailoni, akamwangalia karibu na dirisha. Akasema ni kioo. Lile vumbi ndilo visindano, havionekani kwa macho, ndiyo maana ya hadubini. Hakusema kwa kunicheka. Ningependa angenicheka.

Nilipoweza kuona tena, Tekla alikuwa nyuma ya mlango, anafungua kamba ya godoro. Amlaze mama yake.

Jumatatu, 17 Machi.

Uso kama andazi. Brightson kashauri utepe wa gundi: bandika, bandua, visindano vitoke. Nimemaliza selotepu zote za dukani. Masharubu yametoka nayo.

Tekla kapiga simu. Hakufoka. Kasema angeweza kuishi na mtu wa konokono, alikwisha kujizoeza. Asichoweza ni kuishi na mtu aliyeambiwa akae kimya alasiri moja tu, kwa ajili yake, na akashindwa. "Rev, mie nilikuwa nshafunga begi," kasema. Kisha akakata.

Nimelisikia hilo neno siku nzima. Hata mashine ya fotokopi ilikuwa inalisema. Nampenda yule mwanamke. Sijui kwa nini naandika hapa badala ya kumwambia yeye.

Alhamisi, 20 Machi.

Fransis kaja na ujumbe. Mama amepona, shavu moja tu bado jekundu. Amesamehe! Kasema nirudi baada ya Pasaka, mara ya mwisho kabisa, na nije mikono mitupu. Tekla naye kakubali, kwa sharti kwamba mlangoni ataitazama hiyo mikono kwanza, mbele na nyuma. Nimelia tena. Sauti ile ile. Nimeliosha beseni kwa jiki yote iliyobaki na nimeahidi mbele ya Fransis kwamba nimejifunza.

Na kweli nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuchagua mnyama asiye na mdomo. Utamlishaje? Jana nimemuuliza Brightson, kwa niaba ya mteja, kuhusu jongoo bahari. Ana mdomo. Hapandi, hawiki, Wachina wanamtafuta, na ukimshika ni laini kama ulimi, hawashi mtu. Brightson akasema tu kwamba wengine wakitishwa hutoa matumbo yao yote nje. Basi, hatatishwa. Kikao ni cha amani.

Mama amesema mikono mitupu, na mikono yangu itakuwa mitupu. Ndoo ataibeba Fransis.