Virusi Imekatazwa Kubadilisha Shingo

Baraka, mwezi wa nane 2002, mbele ya bureau

Bwana Chef de Collectivité. Bachefs wa localités zote kutoka Makobola hadi Lulimba. Wajumbe wa Minembwe muliotelemuka milima kwa miguu. Bapadri, bapasta, na Shehe Uledi. Bavuvi wa ndagala, bamama wa mihogo, na ninyi raia wote mulioletwa hapa asubuhi na askari kwa hiari yenu: mimi, Norbert Asukulu, Coordinateur Principal wa Commission ya Juu ya Chanjo Moja kwa Mafua Yote, ninawasalimu kwa niaba ya utawala wetu mupya, na pia kwa niaba yangu mwenyewe, maana bila mimi commission hii haingekuwa na mutu. (Makofi ya askari.)

Ndugu zangu, mafua, scientifiquement, ni adui mwenye kofia. Kila mwaka anavaa kofia ingine, na mwili wenu, ambao haujapata formation, yaani mafunzo, haumutambui tena. Chanjo za zamani zilipiga kofia. Chanjo yetu itapiga shingo, kwa sababu kofia hubadilika lakini shingo hubaki ile ile, na kwa stratégie hiyo asilimia mia moja na kumi na mbili ya raia watapona, wakiwemo wale ambao bado hawajagonjwa. Naona Mama Adolphine, muuza ndagala, amesimama. Sema, mama.

("Chef, hata weye unabadilishaka! Mwaka jana ulivaa béret ya bale benye balikuwa banatawala!" Kicheko kirefu.)

Mama, nilibadilisha béret kwa sababu za usalama wa taifa. Shingo yangu ni ile ile.

("Basi tumejua pa kuchanja!" Kicheko. Askari mmoja ageuka nyuma ili asionekane akicheka.)

Tuendelee! Infirmière Félicité, muuguzi wa centre de santé, naye ameinua mukono, tena na glacière, sanduku la barafu, begani. Kwa kifupi, madame.

("Chef, ukipiga shingo kwa kila mutu, virusi yenye shingo ya namna ingine njo itabakia, njo itazaa. Mumeifikiria ile? Na kikohozi hakiombake barua ya laissez-passer kwa barrière ya askari. Kikipita hapa leo, kesho kiko Lulimba.")

Tumeifikiria! Leo asubuhi nimetia sahihi arrêté, amri yenye muhuri: virusi yoyote imekatazwa kubadilisha shingo ndani ya territoire ya Fizi, na itakayokaidi itaitwa bureau. (Makofi ya mutu mumoja.)

("Sawa, chef. Lakini rudisha frigo yetu. Ulisema unaichukua juu ya kutunza chanjo yako. Hapa ndani iko chanjo ya surua, imefika na pirogue kutoka Uvira, barafu inayeyuka. Kabla ya saa sita itaharibika yote. Batoto makumi mbili na tatu bako banangojea.")

Madame, frigo ile ya pétrole, ya mafuta ya taa, iko mikononi mwa serikali, humu ndani ya bureau. Iko en attente, inangojea chanjo yetu. Ndani yake imehifadhiwa...

("Bia!" asema Adolphine. "Mi mwenyewe niliona. Bamama, twende!" Bamama wainuka. Askari watazamana; mumoja, ambaye mutoto wake ana homa, awafungulia mulango wa bureau.)

Munaotoka, mungojee slogans! Raia wenye nidhamu hawaachi hotuba katikati! (Bamama wanne wapita mbele ya jukwaa na frigo. Chupa za bia zimepangwa vizuri kwenye ngazi, juani. Félicité atembea pembeni, amekumbatia glacière kama mutoto muchanga, anatokwa machozi na kucheka.)

Shingo moja! (Raia wafuata frigo kwa macho.) Chanjo moja! Coordinateur mumoja! (Mbuzi alia.)

Ninamalizia kwa shukrani za dhati kwa kinyozi wangu Ayubu. Juzi, akininyoa ndevu, redio yake ilisema kwamba wataalamu wa mbali wanatamani siku moja kutafuta chanjo ya namna hii. Nikaunda commission pale pale, sabuni ikiwa bado shavuni. Kwa bahati mbaya betri zilikufa kabla sijasikia kama wameanza. Ayubu ameshazianika juani. Zikipata nguvu, nitawaita tena.